Radi bila mvua jangwani

SWALI: Mwanangu anasoma Phoenix, katika jimbo la Arizona, Marekani. Ananiambia kuwa joto limepita nyuzi 43, na kwamba jioni mawingu hutanda, radi zikapiga, lakini hakuna tone linalofika chini. Huku kwetu wingu likiteremka kutoka mlimani tunaanua nguo haraka. Je, ananitania? — Mama wa Majengo, Moshi

JIBU: Hakutanii, mama. Kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba, pepo za huko hubadili mwelekeo na kuleta unyevu kutoka Ghuba ya California na Ghuba ya Meksiko. Jua likishachoma ardhi mchana kutwa, hewa hupanda kwa kasi na mawingu ya radi huumuka. Hata hivyo, matone hupita katika hewa kavu mno, yakageuka mvuke yangali angani, na kwa mbali huonekana kama pazia la kijivu lililokatwa upindo. Hewa iliyopozwa namna hiyo huwa nzito, huporomoka, kisha hutawanyika chini na kuinua ukuta wa vumbi uitwao habubu, jina lenye asili ya Kiarabu (vumbi letu la Februari ni mchezo wa watoto).

Mvua inapofika kweli, makorongo makavu hufurika kwa dakika chache, hata kama imenyesha mbali. Mwambie asivuke korongo lenye maji, na akikutwa na vumbi akiendesha gari, aegeshe nje kabisa ya barabara, azime taa na aondoe mguu kwenye breki, kwa kuwa wanaomfuata huweza kudhani taa zake zinawaonyesha njia.