Dari ya darasa inatoka nyeusi kwenye Radiance

Ndugu, umesema picha ya darasa uliyotengeneza kwa Radiance (programu ya kompyuta ya kukokotoa mwanga ndani ya majengo) inatoka na dari ya giza ilhali nje jua linawaka. Angalia mistari uliyobandika: kwenye gensky (amri ya Radiance inayounda anga na nuru ya ardhi) umeweka -g 0.2, yaani ardhi iakisi sehemu 0.2 ya nuru inayoiangukia, halafu kwenye glow ya ardhi (mistari inayoifanya ardhi itoe nuru) ukaandika tena 0.2 mara tatu, kwa nyekundu, kijani na buluu. Gensky ilishapunguza nuru ya ardhi, wewe ukaipunguza tena, ikabaki 0.04, giza kama lami mpya. Kwenye glow weka 1 1 1 0, kazi ya kuakisi iachie -g.

Hakiki kwa mkono: lux 100,000 za mchana (nuru inayoiangukia ardhi), zidisha kwa 0.2, gawa kwa pai, unapata mng'ao wa ardhi wa kama kandela 6,400 kwa mita ya mraba. Ukipima ardhi ndani ya Radiance ukakuta 1,300 hivi, bado kosa lipo.

Hiyo 0.2 inatosha kwa nyasi na udongo wa kawaida. Mchanga mweupe wa pwani upandishe, 0.4 hivi.

Halafu kuna hili lililonipotezea siku nzima: ardhi ya gensky haishiki kivuli cha jengo. Chora kwenye modeli duara la ardhi, umbo halisi, kuzunguka darasa, la sivyo chini ya varanda patang'aa kana kwamba hakuna paa.