Keti Kwanza, Kamera Baadaye: Kwa Mpiga Picha wa Wanyamapori Anayekwenda KwaZulu

Wiki iliyopita niliandikiwa na kijana mmoja wa Morogoro anayefuatilia kazi zangu. Ameweka akiba, anataka kwenda KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kupiga picha za faru. Na kwa kuwa atakuwa huko huko, anataka arudi na picha za Wazulu pia. Swali lake lilikuwa hili: "Kaka, ninunue lenzi ya milimita ngapi ili niwapige watu kwa mbali bila wao kushtuka?"

Kijana huyu hana ubaya wowote. Ameuliza kama tunavyofundishana sisi wote tunaopiga picha za wanyama. Namjibu mbele yenu kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna hamu ile ile niliyokuwa nayo mimi: jina lako chini ya picha kubwa, katika jarida linalofunguliwa Tokyo na Berlin.

Kazi yetu ni ya kujificha. Unasoma upepo, unavaa rangi ya vumbi, unazima mlio wa shata (pazia la ndani ya kamera), unakaa kimya mpaka mnyama asahau kwamba upo. Nimeishi hivyo miaka mingi Ruaha na Katavi, na sioni haya kusema kwamba kazi hii ninaijua. Picha yangu ya mbwa mwitu wakivuka Mto Ruaha Mkuu wakati wa kiangazi imetundikwa kwenye kuta za watu nisiowafahamu, na naringa nayo mpaka leo.

Ukitaka kuutumia ujuzi huo KwaZulu, anzia hifadhi ya uMkhuze. Kuna kibanda cha mbao cha kujificha kinachoitwa kuMasinga, kimesimamishwa juu ya nguzo pembeni mwa bwawa, na unakiingia kupitia njia ya mbao ili wanyama wasikuone. Nenda katika miezi ya baridi, Juni hadi Septemba, maji ya kwingine yakiwa yamekauka. Watakuja pundamilia, ngiri, swala pala, na atakuja mnyama ambaye Tanzania hatuna: nyala. Ni ndugu wa tandala na pongo. Dume ana manyoya marefu meusi yanayoning'inia shingoni na tumboni, mistari myeupe ubavuni, na miguu ya rangi ya chungwa kuanzia magotini kwenda chini. Madume wawili wakikutana hawakimbilii kupigana. Wanatembea polepole sana, kila mmoja ameonyesha ubavu, nywele za mgongoni zimesimama, mpaka mmoja wao akubali kuondoka. Hapo usikimbize shata. Pima mwanga kwenye manyoya meusi, uache maji nyuma yang'ae kidogo, kisha ngoja pale miguu ya mbele inapoinuka. Hiyo ndiyo picha.

Halafu iMfolozi. Eneo hili lilihifadhiwa mwaka 1895, wakati faru weupe wa kusini walikuwa wamebaki wachache kiasi kwamba wengi walihesabu wamekwisha. Hawakufika 100. Wote walio hai leo wanatokana na wale waliosalimika pale, wakiwemo hao mnaowapiga picha Ziwa Nakuru. Katika miaka ya 1960 walianza kuhamishwa kwenda hifadhi nyingine, na jina linalotajwa kila mara ni la mhifadhi Ian Player. Mimi napenda litajwe pamoja nalo jina la Magqubu Ntombela, mzee wa Kizulu aliyemfundisha Player pori lile na kutembea naye kwenye safari za miguu zilizoanza mwaka 1959. Ukienda iMfolozi, tembea kwa miguu. Picha nzuri za faru nilizonazo nilizipiga nikiwa nimechuchumaa kwenye majani, upepo ukinipiga usoni, askari wa wanyamapori akiwa mbele yangu na bunduki begani.

Utasikia wapiga picha wakilalamika kwamba faru wa siku hizi hawana pembe. Ni kweli, wengi wamekatwa ili jangili asiwe na cha kufuata. Mwaka 2023 Afrika Kusini ilipoteza faru 499 kwa ujangili, na 325 kati yao waliuawa KwaZulu-Natal. Mwaka 2024 wakaanza kuwakata pembe ndani ya Hluhluwe-iMfolozi, hifadhi ambayo iMfolozi ni sehemu yake. Mpige hivyo hivyo alivyo, na kisiki chake. Hiyo ni historia ya wakati wetu, na wewe ndiye uliyekuwepo. Na kabla ya kurusha picha yoyote ya faru mtandaoni, futa taarifa za mahali ulipoipigia. Simu na kamera nyingi huzihifadhi zenyewe, na jangili naye ana intaneti.

Habari za tiketi, gari la kukodi na barabara naziruka, mtazipata kwingine.

Sasa watu. Askari yule aliyenitembeza iMfolozi alinialika kwao, upande wa Hlabisa. Tulifika jioni. Hakuingia moja kwa moja, ingawa ni kwao. Alisimama langoni, akaita kwa sauti jina la sifa la ukoo, tukangoja. Mimi mtoto wa kufundishwa hodi nilielewa. Tulipoitikiwa tukaingia, tukaketi bila kusubiri kuambiwa, kwa sababu huko mdogo hasimami akimtazama mkubwa kutoka juu. Nilipopewa maziwa ya mgando, amasi, nilipokea kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiushika chini ya kiwiko. Kamera ilikuwa ndani ya mfuko, na mfuko ulikuwa ndani ya gari.

Baba wa nyumba aliniuliza jambo la kwanza ambalo mzee yeyote wa kwetu angeniuliza: wewe ni wa ukoo gani? Mama yangu ni Mngoni wa Songea. Nikamweleza kwamba babu zake mama walitoka kusini huko huko, vita vya wakati wa Shaka vilipowasukuma, wakafuatana na Zwangendaba, wakavuka Zambezi mwaka 1835, wakafika mpaka Ufipa alikofia yule mfalme, na baadaye kundi moja likashuka Songea. Jina la Zwangendaba mzee alilijua. Kilichomshangaza ni kwamba tulifika mbali hivyo na bado tunatumia majina kama Gama, Jere na Zulu. Aliwaita wajukuu waje wasikilize. Nikawaambia pia habari za Majimaji, jinsi Wajerumani walivyowanyonga wakuu wetu mwaka 1906, na kwamba kila tarehe 27 Februari Songea inawakumbuka. Tulikesha. Sikupiga picha hata moja, na ninauhesabu usiku ule miongoni mwa mavuno makubwa ya safari zangu zote.

Asubuhi mzee alikuwa na ombi. Hakutaka kupigwa picha yeye. Alitaka nimpige fahali wake.

Ndugu zangu, nimepiga simba, nimepiga chui akishuka mtini na swala mdomoni, lakini sijawahi kuelekezwa kazi kama siku ile. Wazulu wanamtazama ng'ombe kwa undani ambao sisi wa kamera tunautafuta maisha yetu yote. Ng'ombe wao wa Kinguni wana mabaka ya kila namna, na karibu kila mpangilio wa rangi una jina lake, mengi yakitoka porini: mwenye vidoadoa hutajwa kwa mayai ya ndege anayeitwa huye. Mzee alinisimamisha upande wa kushoto wa fahali kwa sababu baka lake zuri lilikuwa huko. Alinikataza kupiga kabla jua halijafika ubavuni. Alitaka pembe zote mbili zionekane. Niliulizia kwanza kama naruhusiwa kuingia ndani ya isibaya, zizi lenyewe, kwa kuwa ni mahali pa heshima na pana miiko yake. Akanipeleka mwenyewe. Nilitumia lenzi fupi ya milimita 50, nikiwa karibu kiasi cha kusikia fahali akipumua.

Nina mashine ndogo ya kuchapia picha inayotumia betri. Nilimchapia pale pale. Baada ya hapo mama wa nyumba alitaka picha akiwa amevaa isicholo chake, kofia nyekundu pana ya mwanamke aliyeolewa, na mabinti wakataka, na majirani wakaja. Mwaka uliofuata nilialikwa kwenye umemulo wa binti yao, sherehe ya kumkabidhi utu uzima. Nilialikwa kama mtu wa nyumbani mwenye kamera, na picha za siku ile ni zao. Sijaiuza hata moja.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Morogoro, lenzi ya kuwapiga watu bila wao kujua usiinunue. Nyala hana habari na picha yako. Mtu anayo. Ana jina, ana ukoo, ana watoto watakaoiona. Sisi Watanzania tulitakiwa tuwe wa kwanza kulijua hili, tunaoona kila siku magari ya watalii yakipunguza mwendo karibu na boma la Wamasai, vioo vinashushwa, kamera zinatoka, kisha vumbi. Tunakasirika. Halafu tukipata pasipoti tunakwenda kufanya yale yale kwa watu wengine.

Hasa naomba mnisikilize kuhusu Umkhosi woMhlanga, ngoma ya matete. Hufanyika Septemba katika ikulu ya eNyokeni, Nongoma. Mfalme Goodwill Zwelithini ndiye aliyeirudisha, na maelfu ya wasichana hufika wakibeba matete. Wanavaa mavazi yao ya jadi, vifua wazi, katika mahali wanapoheshimiwa. Mpiga picha anayejibanza nyuma ya umati na lenzi ndefu anawatoa mahali hapo pa heshima na kuwapeleka kwenye kurasa ambazo baba zao wakiziona watalia. Mimi sijawapiga na sitawapiga. Wewe ukitaka kwenda kikazi, jitambulishe kwa waandaaji, omba kibali, fuata watakachokuambia. Wakikataa, weka kamera chini utazame kwa macho. Omba kwanza. Keti kwanza. Nitalirudia hili mpaka mchoke.

Sasa niseme kinachoniuma.

Kupitia familia ile nilimfahamu kijana mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma mjini Durban, muumini wa kanisa la Shembe, lile lililoanzishwa na Isaiah Shembe mwaka 1910. Kwao kucheza ni ibada. Wanaume huvaa ngozi ya chui mabegani, vazi ambalo kwa desturi ya Kizulu lilikuwa la wafalme na machifu, na kanisa lilivyokua ndivyo mahitaji ya ngozi yalivyokua, na chui wakapata taabu kweli. Mwaka 2013 Panthera, shirika la kuhifadhi paka wakubwa wa porini, kwa kushirikiana na viongozi wa kanisa hilo, lilianza kugawa mavazi ya kitambaa kilichotengenezwa mfano wa ngozi ya chui. Maelfu wameyachukua. Kijana wangu alikuwa mmojawapo na alilivaa kwa fahari. Kwa mbali hutofautishi. Ukisogea unaona mshono. Nilimpiga akicheza, pekupeku, vumbi likiwa magotini, mshono ule ukiwa wazi begani, na nikaandika maelezo ya picha kwa uangalifu: vazi hili ni la kitambaa, na chui mmoja yuko hai kwa sababu yake.

Jarida moja la nje liliinunua. Lilipotoka, maelezo yangu hayakuwepo. Chini ya uso wa kijana yule paliandikwa kwamba mila zinawamaliza chui wa Afrika.

Niliandika barua. Nikaandika tena. Nikajibiwa kwamba toleo limeshachapwa. Ile ndiyo ilikuwa picha yangu ya kwanza kutoka kwa ukubwa ule, niliyokuwa nimeisubiri tangu nashika kamera ya kuazima, na siwezi kuitazama. Nilisafiri mpaka Durban nikamwonyesha mwenyewe, kwa sababu sikutaka aambiwe na mtu mwingine. Alisoma, akaniuliza kama watu wote waliosoma jarida lile wanaweza kuambiwa upya. Nilinyamaza. Wenzake kazini walishaiona mtandaoni na walikuwa wakimwita jangili.

Mtaniambia huo ndio ulimwengu wa wahariri. Sikubali. Mtu akikuruhusu umpige uso, amekukabidhi neno lake pia, na kulilinda ni kazi yako mpaka mwisho, hata ikikugharimu soko. Msiuze picha ya mtu uchi, yaani bila maelezo yake. Muulizeni mnunuzi itakaa kwenye habari gani. Akisita kujibu, ondokeni.

Tangu hapo mikataba yangu ina kifungu kimoja kisichojadiliwa: maelezo ya picha yoyote yenye mtu hayabadilishwi bila idhini yangu ya maandishi, na yakibadilishwa ruhusa ya kuichapa inafutika na malipo hayarudishwi. Kimenifukuzia wanunuzi, wengine wakubwa. Waliobaki wanakiheshimu. Ninacho kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Anayekihitaji aniandikie, nitamtumia bure.