Kwa Mwanangu, Kuhusu Sokwe na Kompyuta

Masindi

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza hivi: ikiwa huko Makerere mnafundishwa kwamba mtu ni kiumbe mwenye akili anayejitambua, kwa nini sokwe asihesabiwe kuwa mtu, na kwa nini isiwe hivyo kwa kompyuta inayojibu maswali? Mimi naona hayo ni maswali mawili, na majibu yake hayafanani.

Fasili hiyo ni ya John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, aliyetenganisha binadamu, ambaye ni mwili wa namna fulani, na mtu, ambaye anajijua kuwa ni yuleyule wa jana. Kwa kipimo hicho sokwe hayuko mbali. Mwaka 1970 mwanasaikolojia Gordon Gallup alieleza jinsi alivyowapaka sokwe rangi usoni wakiwa wamelazwa kwa dawa. Walipoamka na kujitazama kwenye kioo, waligusa nyuso zao wenyewe. Nawe unawajua wale wa msitu wa Budongo waliokatwa vidole na mitego ya waya waliyotegewa paa na nguruwe mwitu, wanavyojifunza kupanda miti kwa kiganja kilichopooza. Waya ule umemharibia sokwe mwenyewe maisha yake, si mwili tu.

Mwaka 2014 mahakama moja ya rufani ya New York ilikataa kumtambua sokwe aitwaye Tommy kuwa mtu mbele ya sheria, kwa hoja kwamba hawezi kubeba wajibu. Hoja hiyo hainiridhishi hata kidogo, kwa sababu mtoto mchanga naye habebi wajibu wowote, ilhali kampuni, isiyo na damu wala machozi, sheria inaiita mtu.

Kuhusu kompyuta, mwanahisabati Alan Turing alipendekeza mwaka 1950 kwamba tuipime kwa mazungumzo ili kujua kama inafikiri. Mwanafalsafa John Searle akajibu mwaka 1980 kwamba mtu aliyefungiwa chumbani anaweza kujibu maswali kwa kupanga herufi za Kichina kwa kufuata kanuni, asielewe hata neno moja; na kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Mimi naongeza kwamba kompyuta ikiandika kuwa inaumia, sioni ni nani aliyepata hasara. Ukiizima leo ukaiwasha kesho, haikukosa kitu.

Kinachonitatiza ni kumbukumbu: je, Locke angemkubali sokwe asiyeweza kutusimulia jana yake? Mwulize mwalimu wako, kisha uniandikie alivyojibu.

Baba yako