Kidonda kidogo, uchungu usiolala

SWALI: Daktari, mume wangu alichomwa mguuni na mwiba wa mbuta tukipakua samaki Dunga. Kidonda ni kidogo, ngozi imekuwa nyekundu kidogo tu, lakini analia kwa uchungu na ana homa. Jirani anasema tumkande kwa maji moto na chumvi. Tufanyeje? – Mama wa samaki, Kisumu

JIBU: Mama, tulikupigia simu mara ujumbe wako ulipofika, nachapisha jibu kwa ajili ya wengine. Msimkande. Mpelekeni hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku.

Kinachonitisha ni uchungu unaozidi kile macho yanachoona. Bakteria wakipenya hadi kwenye utando unaofunika misuli, huenea chini kwa chini kwa saa chache tu, huku ngozi ya juu ikionekana nzima. Mishipa midogo ya damu huziba, nyama ikafa. Baadaye ngozi hugeuka zambarau, hutoa malengelenge, kisha hufa ganzi. Hapo ndipo familia nyingi hudhani mgonjwa amepata nafuu, kumbe neva zimeharibika!

Antibiotiki za mshipani ni lazima, ila hazitoshi peke yake, kwani damu haifiki penye nyama iliyokufa. Daktari wa upasuaji huikata, mara nyingi zaidi ya mara moja. Kituo kisipokuwa na chumba cha upasuaji, ombeni rufaa ya kwenda Jaramogi, hospitali kuu ya rufaa hapa Kisumu, papo hapo. Na kama ana kisukari, semeni mlangoni kabla hamjaulizwa.