Kutoka Bukoba hadi Dodoma: ninachokikumbuka

Mkuu, umeuliza sisi tuliohama mikoa ya kwetu tunakosa nini zaidi. Mimi ni wa Bukoba, sasa naishi Dodoma, na jibu langu la kwanza ni mvua. Kule hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka; huku hazifiki hata 700, na kuanzia Mei mpaka Novemba ni vumbi tu. Harufu ya migomba iliyolowa asubuhi, hiyo siipati kabisa.

Halafu senene, wale panzi wa kuliwa! Msimu wa Novemba wanafuata taa usiku, na watoto hawalali. Mama anaweka ungo katikati, tunawazunguka kunyonyoa mbawa na miguu, vidole vinanata, kisha wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo. Huwa natumiwa kwa basi wale waliokaushwa, nashukuru sana, lakini kile kikao cha kunyonyoa hakiji na mzigo.

Ndizi zipo sokoni hapa, sikatai. Ila mgeni akiingia kwangu sina kahawa ya kutafuna ya kumpa mkononi, na hilo linaniuma kuliko chakula chochote.