Jibu: Maneno ya ibada ya Kiebrania kwa a b c, herufi zao baadaye?

Mkuu, umesema una PDF ya maneno ya ibada ya Kiebrania yaliyoandikwa kwa a b c, unataka kuyakariri hivyo hivyo. Futa hiyo PDF. Hiyo "herufi zao nitajifunza baadaye" yako mimi ilinitoa laki saba na ishirini.

Kuna mwalimu wa grupu la WhatsApp, simtaji, anajijua, alituuzia staili hiyo hiyo, eti herufi ni za watu wa chuo. Nikakariri kama kasuku, navi (nabii), brakha (baraka), haleluya, nikajiona rabi kabisa. Pasaka ikakaribia, kwaya wakataka fulana 60 zenye "msifuni Yah", yaani haleluya, Yah ni jina la Mungu, kwa Kiebrania mgongoni, kazi nikapewa mimi mtaalamu. Kichwani haleluya inaanza na h, si ndio, nikafungua kibodi yao nikasaka h, nikabonyeza ח. Ilitakiwa ה. Ziangalie vizuri, ya kwanza mguu wa kushoto umegusa paa, ya pili umeachana nalo kidogo, hapo hata ukucha haupiti. Sasa mzizi, zile herufi tatu zinazobeba maana ya neno, ה-ל-ל ni kusifu, na ח-ל-ל ni kunajisi. Watu 60 tumepanga mistari kanisani, migongoni tumeandika MNAJISINI YAH. Mchungaji mgeni aliyesoma Kiebrania chuo cha theolojia akaona tunavyotoka, akaniuliza kwa upole nani kaandika. Nikasema fundi wa kuprinti. Mungu anisamehe, na fundi pia.

Kumpigia mwalimu, ananijibu "Mungu anaangalia moyo". Moyo! Na hela ya fulana inaangaliwa na nani?

Herufi ni 22 tu jamani, mi zilinichukua wiki mbili, jioni jioni. Ukishazijua ndo unaona mizizi, na sisi Waswahili tuna bahati Kiarabu kilishatubeba: tzedakah ni sadaka, malakh malaika, rachamim rehema, navi ndo nabii huyu huyu. Korban, sadaka ya hekaluni, mzizi wake ק-ר-ב ndo huo huo wa "karibu" unayomwambia mgeni mlangoni, kitu unachomsogezea Mungu. Kwa a b c utaliona wapi hilo, wakati k yenyewe hujui ni ק au כ?

Uliuliza app gani na maneno mangapi kwa siku eeh? App sijui, mi natumia daftari la mistari.

Fulana zimebaki 14, XL tupu. Kupigia deki naogopa, Jina la Mungu lipo pale. Wayahudi maandishi yenye Jina hawatupi, wanayahifadhi kwenye genizah, stoo ya maandishi hayo, mpaka yazikwe. Genizah yangu iko uvunguni mwa kitanda.