Muulize Mwalimu: Theluthi ya kura, karibu theluthi mbili ya viti

Barua za mwezi huu nyingi zinahusu siasa za Uingereza, nadhani kwa sababu wengi wenu mnaishi huku au mna ndugu huku. Nimechagua chache.

Shikamoo Mwalimu. Niko Reading, nasomea uhasibu. Uchaguzi wa Julai 2024 niliukeshea kwenye televisheni. Labour walipata asilimia 33.7 ya kura, wakabeba viti 411 kati ya 650. Reform UK walipata kura zaidi ya milioni nne na kuambulia viti vitano. Liberal Democrats walikuwa na kura chache kuliko hao, lakini viti 72! Mimi mtu wa hesabu hii haiingii kichwani. Si wizi huu?

Marahaba, mwanangu. Wizi haukuwepo. Kila karatasi ilihesabiwa, nami nasema kwa kuona, maana usiku ule nilikuwa karani wa kuhesabu kura kwenye ukumbi mmoja wa michezo huku Yorkshire. Vituo hufungwa saa nne usiku, kisha masanduku huanza kumiminika. Kazi ya kwanza wala si kumtafuta mshindi. Ni kuhakikisha idadi ya karatasi zilizomo inalingana na ile iliyoandikwa kituoni. Mawakala wa vyama husimama ng'ambo ya meza, shingo zimewatoka, kalamu mkononi, na kugusa karatasi hawaruhusiwi. Mezani kwetu ilitokea moja ambayo mpiga kura hakuweka alama ya X. Alichora uso unaocheka, ndani ya kisanduku cha mgombea mmoja tu. Ikapelekwa kwa msimamizi wa uchaguzi, mawakala wakamzunguka, akaigeuza huku na huku, akasema nia ya mpiga kura iko wazi. Ikahesabiwa.

Uangalifu wote huo kwa karatasi moja! Halafu tazama kinachofuata. Nchi imegawanywa majimbo 650, kila jimbo mbunge mmoja, na anayewazidi wenzake, hata kwa kura moja, ndiye huyo. Kura za wengine safari yao inaishia pale pale ukumbini. Chukua South West Norfolk, jimbo lililokuwa la Liz Truss, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu. Mgombea wa Labour alipata kura 11,847, Truss 11,217, wa Reform UK 9,958, na mgombea binafsi akapata zaidi ya 6,000. Mshindi akaingia bungeni kwa asilimia 26.7. Karibu watu watatu kati ya kila wanne waliopiga kura walimtaka mtu mwingine.

Kwa hiyo mahali kura zako zilipo ni jambo kubwa kuliko wingi wake. Reform walitapakaa nchi nzima, wakawa wa pili au wa tatu katika majimbo chungu nzima. Wa pili hapati kitu. Liberal Democrats walichagua majimbo ya kupigania, mengi ya kusini, wakamalizia nguvu zao huko. Ukitaka hesabu ya kukukosesha usingizi, hii hapa: mwaka 2017, chini ya Jeremy Corbyn, Labour walipata kura zaidi ya milioni 12.8 na viti 262, wakashindwa. Mwaka 2024 walipata kura milioni 9.7, wakaunda serikali. Kura zimepungua milioni tatu, viti vimeongezeka 149.

Utauliza kwa nini hawabadilishi. Mwamba ngozi huvutia kwake. Ilani ya Labour ya 1997 iliahidi kura ya maoni kuhusu mfumo wa uchaguzi. Tony Blair akashinda kwa viti zaidi ya 400, tume ya Roy Jenkins, iliyoundwa kuuchunguza mfumo huo, ikaleta ripoti yake mwaka 1998, na kura hiyo ya maoni haikuitishwa. Mwenye viti 400 anatafuta nini tena? Mwaka 2011 Liberal Democrats, wakiwa kwenye serikali ya mseto na Conservative, waliipata kura ya maoni, lakini si kwa mfumo waliokuwa wakiulilia. Waliopiga kura waliulizwa kama wanataka kuwapanga wagombea kwa namba, 1, 2, 3, ndani ya majimbo yale yale ya mbunge mmoja. Asilimia 67.9 wakakataa, na tangu hapo kila anayegusa jambo hili huambiwa wananchi walishasema. Mwaka 2022 wajumbe wa mkutano mkuu wa Labour, Liverpool, walipitisha azimio la kutaka viti vigawanywe kwa uwiano wa kura. Viongozi wao hawakuliweka kwenye ilani ya 2024.

Mimi naunga mkono uwiano, sifichi. Lakini sioni ukija kwa hisani ya chama chenye wingi wa kutosha. Utakuja siku Bunge litakapokosa mwenye wingi, na chama kidogo kikasema: bila hili hatuungi mkono serikali yenu. Na wala si jambo la kigeni kisiwani humu. Bunge la Scotland, tangu 1999, huchaguliwa kwa kuchanganya wabunge wa majimbo na wa orodha za vyama ili viti visiachane mno na kura.

Mwalimu, nasoma sheria mwaka wa kwanza, Morogoro. Mhadhiri wetu anasema Uingereza haina katiba. Sasa mahakama zao zinaizuia serikali kwa kutumia nini?

Mwambie mhadhiri, kwa adabu, kwamba katiba wanayo. Hawajaikusanya tu kwenye waraka mmoja ulio juu ya sheria nyingine. Sehemu imo kwenye sheria za Bunge, kuanzia ile ya haki ya 1689 hadi sheria ya haki za binadamu ya 1998. Sehemu imo kwenye hukumu. Iliyobaki, na ni kubwa, ni mazoea. Mara ya mwisho mtawala kukataa kuridhia muswada uliopitishwa ilikuwa 1708, zama za Malkia Anne. Baada ya hapo wote wameridhia, kwa sababu ndivyo ifanywavyo.

Mahakama zina meno hata hivyo. Mwaka 2019, mvutano wa kujitoa Umoja wa Ulaya ukiwa umepamba moto, Waziri Mkuu Boris Johnson alimshauri Malkia asitishe vikao vya Bunge kwa wiki tano. Kesi ikafika Mahakama ya Juu. Tarehe 24 Septemba majaji wote 11 walisema kwa sauti moja kwamba usitishaji ule ulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa ulilizuia Bunge kuiwajibisha serikali bila sababu ya maana. Kesho yake wabunge walikuwa vitini.

Udhaifu uko kwingine: kilichowekwa kwa wingi wa kawaida wa wabunge, huondolewa kwa wingi huo huo. Mwaka 2011 walitunga sheria ya kumnyang'anya Waziri Mkuu uwezo wa kujichagulia tarehe ya uchaguzi. Mwaka 2022 wakaifuta. Mei 2024 Rishi Sunak, Waziri Mkuu wa wakati huo, akatoka mlangoni kwake Downing Street, akatangaza tarehe aliyoitaka yeye, mvua ikimnyeshea mpaka koti likamgandama. Tarehe ilikuwa yake, matokeo hayakuwa.

Habari Mwalimu. Mimi ni dereva wa lori, Mombasa. Mwaka 2022 Waingereza walikuwa na Mawaziri Wakuu watatu bila uchaguzi mkuu hata mmoja. Nani aliwachagua?

Njema, ndugu yangu. Mwingereza hampigii kura Waziri Mkuu. Anampigia mbunge wake, basi. Mtawala humteua yule anayeweza kuungwa mkono na wabunge walio wengi, na kwa kawaida huyo ni kiongozi wa chama kikubwa. Chama kikibadili kiongozi, nchi imebadili Waziri Mkuu.

Johnson aliangushwa na mawaziri wake mwenyewe, waliojiuzulu mmoja baada ya mwingine Julai mwaka ule. Wabunge wa Conservative wakachuja wagombea mpaka wakabaki wawili, kisha wanachama wanaolipa ada wakapiga kura: Truss 81,326, Sunak 60,399. Yaani watu elfu themanini na kitu waliamua nani aongoze nchi yenye wapiga kura zaidi ya milioni 45. Bajeti ndogo ya Truss ikaitikisa pauni, na kabla ya siku 50 akatangaza kujiuzulu. Safari iliyofuata wanachama hawakuulizwa kabisa. Mpinzani wa mwisho wa Sunak alijitoa, na kazi ikaishia kwa wabunge. Ndiyo maana huwaambia watu wanaofuatilia siasa za huku wasome kanuni za vyama kwa makini kama wanavyosoma sheria za nchi.

Ni kweli kuna watu wanarithi kiti cha kutunga sheria? — Msomaji, Tanga

Walikuwepo kweli, kwa muda mrefu. Sheria ya 1999 iliwaondoa mamia kutoka Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge, lakini kwa maafikiano ikawabakiza 92, na mmoja akifa au kustaafu wakafanya uchaguzi mdogo. Aprili 2016 nafasi ya lodi wa Liberal Democrats iligombewa na watu saba. Wapiga kura walikuwa watatu. Wote watatu walimpa Viscount Thurso, ambaye mwaka uliotangulia wananchi walikuwa wamemnyima kiti cha ubunge. Septemba 2024 serikali ya Keir Starmer ilipeleka bungeni muswada wa kuwaondoa warithi waliobaki.

Usidhani ni haraka. Sheria ya 1911, iliyowapunguzia malodi uwezo wa kuzuia miswada, ilisema kwenye utangulizi wake kuwa nia ni kuweka chombo kitokanacho na wananchi badala ya kurithishana. Wengi wa malodi wa leo huteuliwa tu.

Mwalimu, mimi ni nesi, Mkenya, niko Leicester kwa viza ya kazi. Mwenzangu wa wodini anasema naweza kupiga kura. Ananitania?

Hakutanii, binti yangu. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, anayeishi huku kihalali, anaruhusiwa kupiga kura hata kwenye uchaguzi mkuu. Wakenya, Watanzania, Waganda na Wanyarwanda wamo. Warundi na Wakongomani hawamo, ila wakiishi Scotland au Wales kihalali wanaweza kuchagua Bunge la huko na madiwani.

Jiandikishe kwa mtandao. Mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi, na wengi hukosa kwa kungoja kampeni zipambe moto. Siku yenyewe nenda na kitambulisho chenye picha. Pasipoti yako ya Kenya inakubalika, hata ikiwa imeisha muda, mradi sura ya pichani bado ni yako. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi, kwa hiyo ukitoka zamu ya usiku unaweza kupitia kabla hujalala.